Hukumu ya Umati: Mapokezi ya Nyimbo za Wagika na Wagalu Usukumani

Uhakiki wa muziki Usukumani ulizaliwa uwanjani, kabla gazeti, redio na santuri hazijafika. Makundi mawili ya ngoma yalikutana mahali pamoja, kila moja likapiga na kuimba upande wake kwa wakati uleule, na watazamaji wakawa huru kwenda watakako. Aliyevutiwa alibaki, aliyechoshwa alivuka kwenda kwa wapinzani. Mwisho wa yote, upande uliojaza watu ndio uliotangazwa mshindi. Kwa zaidi ya karne moja utaratibu huo umeamua nyimbo zipi ziishi na zipi zisahauliwe katika nchi inayoanzia mwambao wa kusini wa Ziwa Victoria hadi mbuga za Meatu.

Sehemu ya mashariki ya nchi hiyo leo ni Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Mkoa wa Shinyanga. Busega, wilaya iliko kata ya Mkula, ilikuwa sehemu ya Magu katika Mkoa wa Mwanza. Mipaka ya serikali imehamishwa mara nyingi, lakini mgawanyo wa ngoma umebaki uleule: kote huko watu hujitambua kuwa ni Wagika au Wagalu, na ushabiki huo hupita vijiji, koo na hata nyumba.

Ngika na Gumha

Simulizi za Wasukuma huanzisha historia hii kwa watu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Wote wawili walikuwa waganga, na wote wawili walikuwa na wafuasi. Ubishi ulizuka juu ya dawa ya nani yenye nguvu zaidi, na ukaamuliwa kwa ngoma: atakayevuta watu wengi ndiye dawa yake inayofanya kazi. Wafuasi wa Ngika wakawa Wagika, wa Gumha wakawa Wagalu. Tangu hapo kila kundi jipya la ngoma lililoundwa Usukumani lilijiunga na upande mmojawapo kati ya hizo mbili, likapokea dawa zake, miiko yake na ugomvi wake.

Chanzo hicho kinaeleza kwa nini ngoma na uganga havikutengana. Kila kundi lilikuwa na mganga wake, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuandaa samba, dawa ya mvuto, ili watazamaji wasiondoke. Kundi liliposhindwa, maelezo yalikuwa mawili: wimbo ulikuwa dhaifu, au dawa ya wapinzani ilikuwa kali. Manju (mtunzi na kiongozi wa nyimbo) mwenye akili hakutegemea maelezo ya pili. Alijua kwamba mwaka ujao watu walewale watarudi, na watadai wimbo mpya.

Chini ya pande hizo mbili palikuwa na vyama vya kazi vilivyokuwa na nyimbo zao wenyewe. Bayeye walikuwa wakamata nyoka, na walicheza huku wamewashika mikononi. Banunguli walikuwa wawindaji wa nungunungu, wakiingia mashimoni kuwatoa. Bayege waliwinda tembo. Wapagazi waliosafiri na misafara ya pwani katika karne ya 19 walikuwa na nyimbo za njiani, na safari zao zilieneza sifa za watunzi mbali na kwao. Ngoma ya kila chama ilitokana na kazi iliyoeleweka, na watazamaji walioifahamu kazi hiyo walijua vizuri nani anaigiza na nani anaiweza kwelikweli.

Siku ya mashindano

Mashindano yalifanyika baada ya mavuno, kiangazi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, wakati ghala limejaa na watu wana nafasi. Yaliweza kuchukua siku kadhaa. Kila kundi lilifika na ngoma zake, wachezaji wake, mganga wake na manju wake. Makundi yalijipanga mbali kidogo, umbali wa kutosha kila moja kusikika upande wake, lakini karibu kiasi kwamba mtu angeweza kukimbia kutoka hapa hadi pale kwa pumzi moja.

Ukiuangalia uwanja huo kwa makini, utaona uhakiki ukifanyika mbele ya macho. Kundi la kwanza linaanza kwa ngoma nzito, watu wanajaa. Upande wa pili, wachezaji wanamtoa nyoka kwenye kikapu, kelele inapanda, na nusu ya umati inageuka. Manju wa kwanza anaona pengo mbele yake, anakatisha wimbo alioanza nao na kuinua mwingine wenye maneno ya kumchoma mpinzani kwa jina. Waliokuwa wameanza kuondoka wanasimama, wanasikiliza, wanacheka, wanarudi. Wazee waliokaa pembeni hawakimbii hata kidogo. Wao wanasikiliza maneno, na baadaye watayarudia nyumbani. Makundi yote mawili yanasoma hukumu yao papo hapo kwa kuangalia duara lililo mbele yao limekuwa nene au limepungua.

Mbinu za kuvuta watu zilikuwa nyingi. Wapo waliocheza kwa miguu ya miti mirefu, wapo waliojitia moto, wapo waliotumia viini macho. Wachongaji walitengeneza sanamu za watu zenye viungo vinavyochezeka, zikatolewa ghafla katikati ya ngoma. Baadhi yake sasa zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, zikiwa zimetenganishwa na nyimbo zilizozipa uhai. Mbinu mpya ilifichwa hadi siku yenyewe, kwa sababu ikivuja, wapinzani huiiga au kuitafutia jibu.

Hata hivyo mbinu peke yake haikutosha. Watazamaji wa Usukumani walitofautisha mambo manne. La kwanza ni upya: wimbo wa mwaka jana ulionekana kama deni lisilolipwa. La pili ni maneno: fumbo lililofungwa vizuri lilisifiwa kuliko tusi la wazi, ingawa matusi nayo yalikuwepo. La tatu ni umoja wa mwili na ngoma, kwamba mstari mzima wa wachezaji ujongee kama mtu mmoja. La nne ni ujasiri wa manju mbele ya wapinzani. Katika wigashe, ngoma inayoimbwa waimbaji wakiwa wameketi, jambo la pili ndilo lililobeba karibu uzito wote, kwa kuwa pale hakuna nyoka wala moto wa kuusaidia wimbo usio na kitu ndani yake.

Jembe na pamba

Pamba iliongeza hadhira nyingine. Kilimo chake kilipopanuka Usukumani katika karne ya 20, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, mashamba makubwa yalihitaji mikono mingi kwa muda mfupi. Vikundi vya vijana vya kulima kwa pamoja vilikodiwa na wenye mashamba, na malipo yalikuwa chakula, mifugo au fedha. Walilima kwa mdundo wa bugobogobo: mpiga ngoma mbele au kando, mstari wa wakulima ukishusha majembe kwa mapigo mamoja, na manju akiimba juu ya udongo unaogeuzwa.

Hapa mhakiki alikuwa mwenye shamba. Wimbo mzuri ulionekana kwenye ekari. Kama manju alilegea, majembe yalilegea, na kundi hilo halikuitwa tena. Kama aliimba vizuri, jirani naye aliliomba kundi lilelile. Bugobogobo ilipotoka shambani na kuingia uwanja wa mashindano, wachezaji waliendelea kushika majembe yao, wakiyarusha hewani na kuyadaka, na watazamaji ambao wote walikuwa wakulima walitambua mara moja mshiko wa kweli na wa uongo.

Pamba ilileta pia siasa. Mwaka 1952 wakulima wa Jimbo la Ziwa waliunda chama chao, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria, ambao Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mkuu. Kati ya 1954 na 1958 serikali ya kikoloni ilizuia chama cha siasa cha TANU kufanya kazi katika jimbo hilo, na mwaka 1958 Geita ilishuhudia upinzani mkubwa dhidi ya mabaraza yaliyowekwa na wakoloni. Katika miaka hiyo manju alikuwa na kazi ya mwandishi wa habari. Bei ya pamba, mizani ya mnunuzi, kodi, sheria za kupunguza mifugo na kulima matuta, yote yalipata nyimbo. Umati ulizipokea kwa kipimo kilekile cha zamani, na kipimo kimoja kiliongezeka: je, huyu anasema ukweli tunaoujua sisi?

Misheni: lawama na kukumbatia

Wahakiki wa kwanza walioandika juu ya ngoma hizi walikuwa wageni, na wengi wao walizilaani. Kwenye mwambao wa Busega, Nassa ilikuwa na kituo cha misheni cha Waanglikana wa CMS tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1909 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Africa Inland Mission, ambako kunatoka kanisa la AIC Tanzania la leo. Kwa misheni hiyo, ngoma za mashindano zilifungamana na pombe, uganga na mila ambazo mwongofu alitakiwa kuziacha. Mkristo wa eneo la Mkula na Nassa aliyependa sauti ya manju alilazimika kuchagua. Wengi walichagua kanisa, na vipaji vyao vikahamia kwenye kwaya. Ushindani wa kwaya uliokuja kustawi katika Kanda ya Ziwa ulirithi mengi kutoka uwanja ule uliokatazwa: mavazi ya pamoja, tungo mpya na shauku ya kujaza ukumbi.

Upande wa Wakatoliki ulizaa jaribio tofauti. Katika miaka ya 1950, padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliongoza parokia ya Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza. Aliona kwamba ukizikataza ngoma unajitenga na watu unaotaka kuwahubiria. Akazileta kwenye sikukuu ya Ekaristi Takatifu, mwezi Juni, sherehe inayojulikana Usukumani kama Bulabo, na makundi ya Wagika na Wagalu yakashindana karibu na kanisa. Mwaka 1968 Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa palepale Bujora, na vyama vya ngoma vikatengewa banda lao, sambamba na yale ya watemi na waganga.

Bulabo iliwapa mamanju jukwaa kubwa kuliko la kijiji chochote, na makundi yalifika kutoka mbali. Iliwapa pia masharti. Mambo yaliyokwaza imani yalipunguzwa au yakafichwa, na tarehe ya mashindano ikafuata kalenda ya Kanisa. Hata hivyo kipimo cha ushindi hakikuguswa. Padri aliweza kuandaa uwanja, lakini mshindi aliendelea kuamuliwa na umati.

Serikali kama hakimu

Baada ya uhuru, muziki wa asili ulipata mlezi mpya. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, Rais Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni na vijana, akisikitika kwamba wakoloni waliwafanya Waafrika wadharau ngoma zao. Kundi la taifa la ngoma likaundwa, na bugobogobo ikawa miongoni mwa ngoma lilizozicheza mbele ya wageni wa serikali. Ngoma ya shamba ikafika viwanja vya ndege na viwanja vya michezo. Baadaye mafunzo ya sanaa hizo yalihamia chuo cha sanaa cha Bagamoyo, na mwaka 1984 sheria ikaanzisha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA.

Heshima hiyo ilikuwa na gharama yake. Onyesho la mapokezi lilidumu dakika chache, na aliyeketi jukwaani hakuwa na nafasi ya kuhama akichoka. Wimbo ulipangwa umpendeze mgeni rasmi. Mwanazuoni Elias Songoyi, aliyechapisha mwaka 1988 utafiti wake kuhusu athari za kibiashara katika ngoma za jadi, aliliona tatizo hilo mapema: ngoma inapotolewa kwa anayeilipia, hufupishwa, hupambwa na kupoteza mabishano yaliyoipa nguvu.

Songoyi aliandika pia utafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliolinganisha waimbaji wawili. Mmoja ni Mwinamila wa Tabora, aliyejulikana kwa nyimbo za kukitukuza chama na serikali. Mwingine ni Kalikali, manju wa Kisukuma aliyekuwa mkulima na aliyeimba manung'uniko ya wakulima wenzake. Mazingira yenyewe yalikuwa magumu: mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, vile ambavyo wakulima wa pamba walivijenga wenyewe, na ununuzi wa zao ukakabidhiwa mamlaka ya serikali, hadi sheria ya 1982 ilipofungua njia ya kuvirudisha. Nyimbo za sifa zilipokewa vizuri na viongozi na kupata redio. Za Kalikali zilipokewa vizuri na walioachiwa pamba mikononi. Mapokezi ya wimbo yalikuwa yamegawanyika mara mbili, na kila upande ulikuwa na sababu zake za kusifu.

Wanasa sauti na wasomi

Nyimbo za Usukumani zilianza kunaswa kwa utaratibu katikati ya karne ya 20. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuja kuanzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, alizunguka Tanganyika na mitambo yake, na rekodi zake za safari hiyo zinajumuisha Wasukuma. Hans Cory, aliyefanya kazi ya utafiti wa jamii kwa serikali ya kikoloni, aliandika kwa wingi juu ya sheria, utemi na desturi zao, na nyaraka zake zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kazi kubwa kuliko zote juu ya nyimbo zenyewe ni ya Mmarekani Frank Gunderson. Mwaka 2000 yeye na Gregory Barz walihariri kitabu kuhusu mashindano ya muziki Afrika Mashariki, kilichochapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota. Mwaka 2010 alitoa kitabu chake juu ya nyimbo za kazi za Wasukuma, chenye zaidi ya nyimbo 300 pamoja na tafsiri na maelezo ya mazingira yake. Humo wawindaji wa nyoka, wa nungunungu na wa tembo, wapagazi, na wakulima wa bugobogobo wote wana sura zao.

Ipo tofauti ya kujifunza kati ya njia ya manju wa Usukumani na ile aliyoipita Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, msanii wa asili wa Tanzania aliyefahamika zaidi duniani. Albamu yake ya kwanza iliyosikika Ulaya ilitoka Uingereza katikati ya miaka ya 1980. Baadaye alirekodi kwa kampuni ya Real World ya Peter Gabriel, na mwaka 2002 ikatoka Assembly, iliyounganisha sauti yake na ala yake ya ilimba na magitaa na mitambo ya Mkanada Michael Brook. Mwaka huohuo alifungua maonyesho ya Gabriel huko Marekani. Alifariki Desemba 2003. Zawose alihakikiwa magazetini na watu wasiojua Kigogo, waliosikia kwanza uzuri wa sauti na ufundi wa vyombo. Manju wa Usukumani alihakikiwa na watu walioelewa kila neno na walioweza kumjibu. Sifa ya Zawose ilifika mbali zaidi. Hukumu aliyopewa manju ilikuwa kali zaidi.

Kaseti, simu na uwanja wa leo

Redio za binafsi zilipofunguliwa katika miaka ya 1990, Radio Free Africa ya Mwanza ikiwa miongoni mwa zilizosikika sana Kanda ya Ziwa, muziki wenye vionjo vya Kisukuma ulipata njia mpya. Kaseti zilifuatwa na CD, CD zikafuatwa na kadi za kumbukumbu zinazojazwa nyimbo katika vibanda vya masoko. Waimbaji wa sasa kama Bhudagala huimba kwa Kisukuma juu ya kinanda cha umeme, na video zao huangaliwa na vijana wa Bariadi na Lamadi sawa na Wasukuma waliohamia Morogoro, Katavi na Dar es Salaam. Idadi ya watazamaji huonekana chini ya video, kila mtu akaiona, na mashabiki hubishana kwa kuitaja kama wazee wao walivyobishana juu ya unene wa duara.

Ngoma ya uwanjani nayo haijazimika. Mwishoni mwa miaka ya 2010, tamasha la Simiyu Jambo mjini Bariadi liliweka ngoma za Wagika na Wagalu pamoja na mbio za baiskeli, na Bujora imeendelea kuwa mahali pa kukutana kila Juni. Zipo dosari. Zawadi za wadhamini na majaji wenye karatasi za alama huanza kuchukua nafasi ya umati, na muda wa onyesho hukatwa ili ratiba iende. Manju akimtazama jaji peke yake, atatunga kwa ajili ya jaji.

Historia nzima ya Wagika na Wagalu inatoa hukumu iliyo wazi. Mtemi, mmisionari, afisa wa kikoloni, katibu wa chama na mdhamini, kila mmoja kwa zamu yake alijaribu kuwa mhakiki mkuu wa nyimbo hizi, na kila mmoja aliacha alama. Hakuna aliyefanikiwa kuufanya wimbo mbovu upendwe, wala kuufanya wimbo mzuri usahaulike. Kilichopungua ni kumbukumbu: sababu za umati kuhama au kubaki zilisemwa na wazee kwa mdomo, na wazee hao wanaondoka. Halmashauri za Simiyu, shule za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na vijana wa Mkula wenye simu za kurekodi mkononi, wana kazi moja inayoweza kuanza kiangazi kijacho: kunasa wimbo pamoja na maneno ya waliousikiliza, jina la manju, mahali na mwaka, na kuuliza kila aliyevuka uwanja kwa nini alivuka.